Mwaka wa Kwanza ni wa Nani? Mitihani ya Juu ya Sekondari na Masomo ya Chuo Kikuu

Mwezi wa Mei, 1956, wanafunzi 1,229 wa shule 104 za sekondari nchini Marekani walifanya mtihani wa aina mpya. Haukuwa mtihani wa kumaliza shule, kwa kuwa cheti cha kumaliza wangekipata kwa walimu wao wenyewe. Wala haukuwa mtihani wa kuwachuja watakaoingia chuo kikuu, kwa kuwa huo ulikuwapo tangu zamani. Walichokitafuta ni kuhesabiwa, huko chuoni walikokuwa wakienda, kuwa wamekwisha kuyasoma baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza, ili wasirudishwe nyuma kuyaanza upya. Jumla ya karatasi walizozifanya ilikuwa 2,199, na matokeo yalipelekwa katika vyuo 130. Mpango huo uliitwa Advanced Placement, nalo jina lenyewe lasema kusudi lake: mwanafunzi awekwe mbele ya pale ambapo wenzake wanaanzia.

Mambo ya aina hii huonekana kuwa shughuli ya makarani wa usajili tu. Alama fulani yaingia, somo fulani lafutwa katika orodha ya masomo ambayo mwanafunzi hana budi kuyasoma, na faili yafungwa. Kwa hakika kila alama inayohesabiwa hivyo ni jibu la swali zito zaidi, nalo ni hili: mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ni wa nani? Je, ni kazi ya mwalimu wa sekondari au ya mhadhiri? Na gharama yake imwangukie nani? Afrika Mashariki imekwisha kulijibu swali hilo mara mbili, na majibu hayo mawili yanapingana. Kenya sasa imo katika kulijibu mara ya tatu. Yafaa kuanza na Marekani, si kwa sababu huko walipata jibu bora, bali kwa sababu huko ndiko swali lilikoulizwa waziwazi na likajadiliwa kwa maandishi.

Asili ya mpango wa Marekani ni hofu mbili ambazo hazikuwa ndugu, zikakutana njiani. Hofu ya kwanza ilitokana na Vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950. Vijana walikuwa wakiitwa jeshini, na wakuu wengi wa elimu waliona kwamba njia ya kumwezesha kijana kupata elimu ya juu kabla hajavaa sare ni kuufupisha muda wa masomo. Mwaka 1951 Ford Foundation ilianzisha mfuko wa maendeleo ya elimu, na moja ya kazi za mwanzo za mfuko huo ilikuwa kugharimia vijana waliopokewa vyuoni kabla ya kumaliza sekondari. Hofu ya pili ilikuwa ya marudio. Shule tatu za bweni za watu wenye uwezo, yaani Andover, Exeter na Lawrenceville, zilishirikiana na vyuo vikuu vya Harvard, Princeton na Yale kuchunguza wanayosomeshwa vijana katika miaka miwili ya mwisho ya shule na miwili ya mwanzo ya chuo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1952. Ilidhihirika kwamba kijana aliyesomeshwa vizuri shuleni alifika chuoni akakuta anafundishwa mambo yaleyale, na pengine kwa kina kidogo zaidi kuliko alivyofundishwa awali. Si ajabu kwamba wengi walichoka na masomo katika mwaka ambao ungepaswa kuwaamsha.

Mtu aliyeyaunganisha mambo hayo ni Gordon Keith Chalmers, mkuu wa chuo kidogo cha Kenyon katika jimbo la Ohio. Chalmers hakuwa na haraka. Hakupendezwa na wazo la kumwondoa mtoto shuleni mapema. Alitaka abaki shuleni hadi umri wa kawaida, ila afundishwe huko huko kwa kiwango cha chuo, na vyuo vikubali kwamba kazi hiyo ni sawa na yao. Vyuo 12 viliingia katika jaribio lake. Tofauti kati ya nia hizi mbili, kuokoa muda na kuinua kiwango, haikupata kumalizwa. Wote walitia sahihi mpango mmoja huku kila mmoja akiuona kwa jicho lake, na mabishano yote yaliyofuata kwa muda wa miaka sabini yana mizizi yake hapo. Mwaka 1955 shirika la College Board likauchukua mpango huo mikononi mwake. Chalmers alifariki mwaka 1956, mwaka uleule wa mtihani wa kwanza chini ya shirika hilo.

Jambo moja lahitaji kufafanuliwa kwa msomaji aliyezoea taratibu za Kiingereza. Mpango kama huu uliwezekana Marekani kwa sababu elimu ya huko imezoea kugawanywa vipande vipande na kuhesabiwa kwa saa. Chanzo cha desturi hiyo chachekesha kidogo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha za kuwalipa walimu wa vyuo malipo ya uzeeni, na wakfu uliosimamia fedha hizo, ulioanzishwa mwaka 1905, ulihitaji kipimo cha kujua chuo ni kipi na shule ya kawaida ni ipi. Ikaamuliwa kwamba chuo halisi ni kile kinachowapokea waliosoma sekondari kwa idadi maalumu ya vipimo, na kila kipimo kikawa takriban saa 120 za darasani kwa mwaka katika somo moja. Hivyo haja ya pensheni ikazaa sarafu ya elimu. Vyuo navyo vikahesabu shahada zao kwa sarafu ya jinsi hiyo, ambayo hapa itaitwa krediti. Shahada ya kawaida huko yahitaji kama krediti 120, yaani 30 kwa kila mwaka katika miaka minne. Mahali ambapo elimu ina sarafu, haishangazi kwamba watu wataka kujua iwapo sarafu iliyopatikana upande mmoja wa lango yaweza kutumika upande wa pili.

Uingereza haikuwa na sarafu hiyo. Huko kilichohesabiwa ni mwaka mzima na mtihani mzima. Chuo Kikuu cha London, kilichowatahini watu wa sehemu nyingi za dunia, kilikuwa na mtihani wa kati ambao mtahiniwa alipaswa kuushinda kabla ya kuukabili ule wa shahada. Kadiri kidato cha sita kilivyoimarika katika shule za Kiingereza, aliyefaulu mtihani wa juu wa sekondari alisamehewa ule wa kati. Tangu mwaka 1951 mtihani huo wa juu ukawa ni Advanced Level, ambao hata Afrika Mashariki hadi leo huitwa "A level". Kwa namna hiyo shahada ya Kiingereza ikawa ya miaka mitatu. Hapakuwa na karani aliyefuta somo moja moja katika orodha. Mwaka mzima ulihamishwa kimyakimya kutoka chuoni hadi shuleni, na baada ya kizazi kimoja watu wakasahau kwamba uliwahi kukaa mahali pengine.

Uhamisho huohuo ulifanyika Afrika Mashariki, na huku ulionekana wazi zaidi kwa kuwa ulifanyika kwa muda mfupi. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, shule za Waafrika katika Kenya, Uganda na Tanganyika ziliishia kidato cha nne na Cheti cha Cambridge. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa mfano, aliingia Makerere mwaka 1959 akitoka Alliance bila ya kupitia kidato cha sita chochote. Vijana wa namna yake walisoma kwanza masomo ya matayarisho ndani ya chuo chenyewe, ndipo wakaanza shahada ya London. Makerere, kwa maneno mengine, ilikuwa shule ya kidato cha sita na chuo kikuu kwa pamoja, na mwanafunzi alikula, akalala na kusoma huko kwa gharama ya serikali tangu hatua hiyo ya mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini shule chache zilifunguliwa vidato vya tano na sita. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa mwaka 1963, kikiwa na matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, shahada ya miaka mitatu ilikuwa ndiyo kawaida, na mlango wake ulikuwa cheti cha kidato cha sita. Aliyepata "principal" mbili alitimiza sharti la chini la kuingia. Kenya ikauita mfumo huo kwa tarakimu, 7-4-2-3, nazo tarakimu hizo zafaa kushikwa vizuri kwa sababu zitahitajika baadaye. Mitihani yenyewe ilibaki chini ya Cambridge hadi lilipoundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Kenya ikawa na baraza lake la taifa mwaka 1980. Karatasi zilibadilika jina. Cheo cha kidato cha sita hakikubadilika. Kwa kawaida mhadhiri wa Nairobi wa miaka ya sabini hakumfundisha mwanafunzi wake wa kemia misingi ya kemia, wala yule wa historia hakumweleza maana ya insha ya kihistoria. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa na mwalimu wa kidato cha sita, ambaye aghalabu alikuwa na shahada ileile aliyokuwa akiwatayarishia wanafunzi wake.

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Collin Mackay, iliyokuwa imeundwa kuchunguza uwezekano wa chuo kikuu cha pili nchini Kenya, ilitoa taarifa yake. Chuo cha pili kilipatikana, nacho ni Moi, mwaka 1984. Lakini taarifa hiyo yakumbukwa zaidi kwa jambo jingine, yaani mfumo wa 8-4-4 ulioanza Januari 1985. Watetezi wake walisema juu ya ufundi na kujitegemea; wapinzani wake walisema juu ya mzigo wa masomo na uhaba wa karakana. Ni wachache waliofanya hesabu nyepesi ya kujumlisha. Saba na nne na mbili na tatu ni kumi na sita. Nane na nne na nne ni kumi na sita vilevile. Hakuna mwaka hata mmoja uliookolewa, wala hakuna ulioongezwa. Kilichofanyika ni kwamba miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita ilitenganishwa: mmoja ukashushwa shule ya msingi ukawa darasa la nane, na mmoja ukapandishwa chuo kikuu ukawa mwaka wa nyongeza wa shahada.

Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita nchini Kenya ulifanywa mwaka 1989, na mwaka huohuo ndipo ulipofanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Vyuo vikajikuta vikipokea vizazi viwili kwa pamoja. Kijana wa kidato cha sita alianza shahada ya miaka mitatu, na kijana wa kidato cha nne alianza ya miaka minne, pengine katika ukumbi mmoja wa chakula na foleni moja. Kwa lugha ya Kimarekani mtu angesema kwamba huyu wa kwanza alikuwa amehesabiwa krediti 30 na huyu wa pili hakuhesabiwa chochote. Hakuna aliyelisema hivyo, maana hapakuwa na sarafu. Palikuwa na miaka tu.

Hapa ndipo suala la gharama linapojitokeza. Chini ya mfumo wa zamani ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa juu ya mzazi kwa sehemu kubwa, na chuo kikuu kilikuwa juu ya serikali, ambayo tangu mwaka 1974 ilitoa pia mikopo kwa wanafunzi. Kuuhamisha mwaka mmoja kutoka shuleni hadi chuoni kulikuwa, kwa kanuni, kumwondolea mzazi mzigo na kuitwisha serikali. Lakini mwaka huo ulifika chuoni wakati serikali ilikuwa ikijitua mizigo kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje. Mwaka 1991, mwaka mmoja tu baada ya kundi la kwanza la 8-4-4 kuingia, mpango wa kuchangia gharama ulianzishwa vyuoni. Mwaka wa nne wa shahada ukawa mwaka wa kulipiwa. Mzazi alikuwa amepokonywa ada ya kidato cha sita kwa mkono mmoja, akarudishiwa kwa jina jingine kwa mkono wa pili. Na mara hii nyumba ya kulala, vitabu na maabara vilikuwa vya kugombaniwa na umati mkubwa zaidi.

Tanzania na Uganda hazikufuata njia hiyo. Zilibaki na vidato vya tano na sita na shahada ya kawaida ya miaka mitatu, na kutokana na hilo limetokea jambo ambalo Wakenya wengi hulivumbua wakiwa mbali na kwao. Vyuo vingi vya Marekani humhesabia mwenye cheti cha kidato cha sita krediti za mwaka wa kwanza, kama vinavyomhesabia Mmarekani aliyefaulu Advanced Placement. Mkenya aliyekwenda huko mwaka 1975 na cheti cha kidato cha sita aliweza kunufaika na desturi hiyo. Mkenya aliyekwenda mwaka 1995 na KCSE yake, hata ikiwa ni ya alama za juu kabisa, kwa kawaida alianzia mwanzo. Mtanzania aliyeketi karibu naye darasani huenda alikuwa ameuvuka mwaka mzima. Hapana mmoja aliyekuwa na akili zaidi ya mwenziwe. Tofauti ilikuwa katika mahali ambapo nchi zao zilipanda bikoni ya mpaka.

Kuvuka kwenyewe, hata hivyo, hakukuwa kwepesi kwa kila mtu, na kisa kimoja cha Marekani chafaa kusimuliwa kwa urefu kwa kuwa chaonyesha kwamba cheti hakitoshi pasipo imani ya anayekipokea. Jaime Escalante alikuwa mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Bolivia, aliyeanza kufundisha mwaka 1974 katika shule ya Garfield, mashariki ya Los Angeles. Wanafunzi wake wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wenye asili ya Meksiko, na mpango uliobuniwa kwa ajili ya Andover na Exeter haukuwafikiria watu kama wao. Escalante aliwafundisha hisabati ya kalkulasi, mapema asubuhi, jioni na siku za mapumziko. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifanya mtihani wa Advanced Placement na wote wakafaulu. Shirika lililosimamia mtihani likawashuku. Wasahihishaji waliona makosa yanayofanana katika swali la 6, na wanafunzi 14 wakaandikiwa barua kuambiwa kwamba alama zao hazitakubaliwa mpaka wautetee uhalali wake au warudie mtihani. Waliokubali kurudia walikuwa 12. Walirudia, na wote 12 wakafaulu tena.

Watetezi wa mitihani husema kwamba kisa hiki ni ushahidi wa haki ya mtihani: karatasi haimjui mtu, nayo ilithibitisha mara mbili. Wapo wanaosema kwamba mtoto wa Exeter asingeandikiwa barua. Kauli zote mbili zina uzito wake, lakini ya pili ndiyo inayogusa kiini. Mtihani wa juu wa sekondari ni hati ya uaminifu kati ya taasisi mbili. Chuo kinapomhesabia mwanafunzi kozi ambayo hakikumfundisha, kinasema kwamba kinamwamini mwalimu ambaye hakikumwajiri. Imani ya namna hiyo huwa rahisi watu wanapokuwa wachache na wanapojuana kwa majina ya shule zao. Huwa ngumu wanapozidi.

Nao walizidi. Kufikia mwaka 2012 wanafunzi zaidi ya milioni mbili walikuwa wakifanya mitihani hiyo kwa mwaka, na vyuo vilevile vilivyouanzisha mpango vikaanza kurudi nyuma. Harvard iliamua mwaka 2002 kuitambua alama ya 5 peke yake, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Mwaka 2013 chuo cha Dartmouth kilitangaza kwamba kwa watakaoingia kuanzia mwaka uliofuata hakitatoa krediti kabisa. Idara yake ya saikolojia ilikuwa imewapa waliopata 5 mtihani wake yenyewe, na tisa katika kila kumi wakashindwa. Upande wa pili, majimbo ya Illinois na Texas yalitunga sheria mwaka 2015 kuvilazimisha vyuo vya umma kuitambua hata alama ya 3. Kwa nini mgawanyiko huo? Chuo cha tajiri huuza miaka minne ya kukaa pamoja, na hakipendi kuipunguza. Jimbo nalo lina wazazi wapiga kura, na mtihani mmoja wa karibu dola 100 ukiweza kufuta kozi ya maelfu ya dola, mbunge hahitaji kuelezwa mara mbili. Nia ya Chalmers na nia ya wale waliotaka kuokoa muda zilikuwa zimeachana hatimaye, kila moja ikaenda na chuo chake.

Kwa jarida linaloshughulikia lugha za Kiafrika, orodha ya masomo ya mpango huo ni ya kutazamwa kwa jicho la pekee. Lugha za mwanzo mwaka 1956 zilikuwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kilatini. Mwaka uliofuata Warusi walirusha setilaiti yao ya kwanza, na sheria ya Marekani ya mwaka 1958 iliyopitishwa kwa kiwewe hicho ilimwaga fedha katika sayansi na katika lugha ambazo Wamarekani hawakuzijua. Kiswahili kiliingia katika vyuo vikuu vyao vingi kwa fedha za sheria hiyohiyo. Lakini kiliingia chuoni tu. Kichina na Kijapani vilipata mitihani ya Advanced Placement mwaka 2007. Lugha ya Kiafrika haina hata mmoja. Mwambao wa Waswahili wenyewe umeingia kwa mlango mwingine, kama mada katika somo la Taaluma ya Wamarekani Weusi, lililojaribiwa katika shule 60 mwaka 2022 na kufunguliwa kwa shule zote mwaka 2024, baada ya jimbo la Florida kulikataa mnamo Januari 2023. Hivyo kijana wa Marekani aweza kuhesabiwa krediti kwa kujua habari za Kilwa na biashara ya Bahari ya Hindi, wala asiweze kuhesabiwa hata moja katika mpango huo kwa kuijua lugha ya watu wa Kilwa.

Hapa nyumbani mambo yalikwenda kwa namna ambayo haielekei kuwa ya faida tupu wala ya hasara tupu. Chini ya mfumo wa 7-4-2-3 mtoto wa Kenya aliweza kupita shule ya msingi bila ya kutahiniwa Kiswahili, na akamaliza sekondari hali kadhalika, kwa kuwa kilikuwa somo la hiari. Mackay alipendekeza kiwe cha lazima na kitahiniwe, na mfumo wa 8-4-4 ukatekeleza. Hapana shaka kwamba hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kufanyiwa lugha hii nchini Kenya. Soko la vitabu lilitanuka, walimu wakahitajika kwa maelfu, na idara za vyuo zikajaa. Lakini mfumo uleule uliompa kila mtoto Kiswahili cha miaka kumi na miwili uliifuta ile miaka miwili ambamo wachache wangekisoma kwa kina. Upana ulinunuliwa kwa kina.

Tofauti yaonekana mtu akitazama Dar es Salaam. Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa huko mwaka 1970 imewapokea kwa miaka mingi vijana waliotoka katika michepuo ya kidato cha sita kama vile HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Vijana hao wamekwisha kufanya karatasi mbili za Kiswahili, moja ya lugha na moja ya fasihi, baada ya miaka miwili ya kusoma masomo matatu makuu tu. Wamekutana na fonolojia na mofolojia kabla ya kumwona mhadhiri. Mwenzao wa Kenya amefika na karatasi tatu za KCSE, za insha, lugha na fasihi. Anajua kuchanganua sentensi kwa matawi na amegusia isimujamii, lakini aliyasoma hayo akiwa na masomo mengine saba au zaidi mgongoni. Ni haki kwamba shahada yake ikae mwaka mmoja zaidi. Si haki, hata hivyo, kuudhania mwaka huo kuwa ni dalili ya udhaifu wake, kana kwamba aliuacha mahali kwa uzembe. Aliondolewa na nchi iliyouona kuwa wafaa zaidi kuwekwa chuoni.

Sasa mwaka huo umeanza kuhama tena. Mtaala wa umilisi ulioanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 tangu mwaka 2017 umepangwa kwa tarakimu 2-6-3-3-3: miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu, na mitatu ya chuo. Kundi la kwanza lilifika Gredi ya 9 mwaka 2025, na kwa ratiba iliyopangwa litamaliza sekondari ya juu mwaka 2028. Katika ngazi hiyo ya juu mwanafunzi hufuata njia moja kati ya tatu, na katika njia ya sayansi za jamii limewekwa somo la Fasihi ya Kiswahili peke yake, mbali na Kiswahili cha wote. Jina la kidato cha sita halikurudishwa, lakini kazi yake imerudi; na shahada ya miaka mitatu yawezekana tu ikiwa chuo kitakubali kwamba sehemu ya mwaka wa kwanza imekwisha kufundishwa mahali pengine, na mtu mwingine.

Mwalimu huyo mwingine ndiye wa kutazamwa. Wengi wa walimu watakaoifundisha Fasihi ya Kiswahili katika sekondari ya juu ni wahitimu wa shahada ya miaka minne. Utangulizi wa fasihi na misingi ya uchambuzi waliufundishwa na mhadhiri katika mwaka wa kwanza wa chuo, si na mwalimu wa shule. Nao ndio watakaotakiwa kuutoa katika madarasa ya Gredi ya 11 na ya 12, mahali ambapo wao wenyewe hawakuupatia. Mwanafunzi wao wa kwanza atafika katika idara za Kiswahili mwaka 2029, huku kozi za utangulizi za idara hizo zikiwa zilibuniwa kwa ajili ya kijana aliyetoka kidato cha nne.